Bahari Iliyokaa Dirishani Kwetu

Morogoro, alasiri, wewe ukiwa kwa Mama Zaituni

Agata mwanangu,

Nakuandikia ukiwa ng'ambo ya ua tu, kwa jirani yetu, unasukwa nywele, na kila baada ya muda nakusikia ukipiga kelele kwamba Mama Zaituni anakuvuta. Mwache akuvute. Nywele za bibi harusi zikilegea kabla gari la moshi halijafika Ngerengere, watu watasema mama yake hakuwa na majirani. Mimi nimejifungia ndani na wino uliobaki wa shule ya masista, na karatasi hizi nitazitia chini kabisa ya kapu lako, chini ya kanga, usizione mpaka utakapofika kwa mumeo na kuanza kufungua vitu. Haya ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumapili, na kila nikifungua mdomo natoka na habari za vitunguu.

Habari za vitunguu nimezimaliza. Kupika unajua, kufua unajua, kumwamkia mkwe unajua, na usilolijua utalijua ukishaliharibu mara moja. Leo nataka kujibu swali lako.

Jumapili hiyo mjomba wako Paulo aliposhuka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi begani, tulidhani amekuja kukuaga. Akakaa, akanywa uji wake polepole, akafuta ndevu, ndipo akayasema. Nayaandika kama alivyoyasema, maana najua na wewe unayarudia kichwani.

"Veronika, mwanamke wa lukolo letu, wa ukoo huu, haendi kukaa kwa wakwe. Mwanamume ndiye anayekuja kujenga kwetu, akamlimia mama mkwe. Sasa huyu akienda pwani, lile shamba lake la kando ya mto nitampa mwingine. Shamba halikai bure likimngoja mtu aliyekwenda kula samaki."

Alipoondoka ukaniuliza, "Mama, nikishindwa huko, nitarudi wapi?" Nami sikukujibu. Nilichukua kibuyu nikaenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa. Ukadhani nimekubaliana na kaka yangu juu ya ukoo na ardhi yake, na tangu hapo unafunga mizigo kimya kimya kama mtu anayefukuzwa. Inaniuma kukuona hivyo. Jibu ninalo, na nitakupa kabla karatasi hazijaisha. Kwanza nivumilie niitazame bahari yetu hii ya ndani ya kioo, maana leo ndiyo mara ya mwisho jua la alasiri kuingia ndani yake. Kesho utaibeba ndani ya damijani, ile chupa kubwa ya baba yako, na kuirudisha ilikotoka.

Mwanga unapita majini na kwenda kucheza kwenye ukuta wa nyuma, juu ya kitanda chako. Mwani umeanza kutoa vipovu. Vinapanda kimoja kimoja, bila haraka, na vikifika juu vinakwisha bila sauti. Kiti cha pweza kimetoka mchangani na kushika kioo kwa mikono yake mitano. Ukikitazama hakiendi. Ukienda kutwanga ukarudi, kimefika katikati. Sijui ni alasiri ngapi nimekaa hapa na ungo wa mchele mapajani, nikasahau kuchagua, nikawa macho wazi lakini simo, na nilipozinduka sikujua kama nilichokuwa nakisikia ni mawimbi au upepo wa mlimani unaoshuka kwenye migomba. Mawimbi yenyewe sijawahi kuyasikia. Mtaa mzima unaniita Mama Bahari, na huyo Mama Bahari hajavuka hata Ngerengere.

Unajua jinsi ilivyoanza, lakini ulikuwa mdogo na hadithi umeisikia kwa baba yako, naye alikuwa akijipendelea. Nisikilize mimi. Marehemu baba yako alikuwa mchochea moto, anatia kuni kwenye kichwa cha gari la moshi kwenda pwani na kurudi. Alikuwa akifika nyumbani mweusi kwa masizi, meno tu ndiyo yanayoonekana. Nikimwuliza bahari ikoje, anasema, "Ni maji." Maji gani? "Maji mengi." Nikamwambia mume gani huyu, anakwenda kuona kitu ambacho mkewe hajakiona, halafu anarudi na maneno mawili. Nikanuna. Kununa kwangu unakujua, hata paka huhama. Safari iliyofuata alirudi na damijani kubwa, imefungwa kwa magunia, akaiweka katikati ya chumba.

"Haya," akasema, "iulize mwenyewe."

Ndani mlikuwa na visamaki viwili vya milia, urefu wa kidole, na kaa mdogo aliyejificha ndani ya gamba la konokono wa baharini. Hatukuwa na chombo, kwa hiyo tuliyamimina maji yale ndani ya chungu kikubwa cha kupikia. Chungu cheusi, na maji ndani yake yakawa meusi. Sote watatu tuliinamisha vichwa mpaka tukagongana, na hatukuona kitu. Asubuhi visamaki vilikuwa vinaelea vimekufa, nami nikalia kama waliofariki ni jamaa zangu. Baba yako alisimama mlangoni akijikuna, hajui amekosea wapi. Alikuwa ameniletea zawadi na mkewe analia matanga.

Tukaona kinatakiwa chombo cha kioo, na fedha ya mchezo hatukuwa nayo. Kioo alikipata kwa Mjerumani mmoja wa reli ambaye madirisha ya nyumba yake mpya yalivunjika njiani, naye aliruhusu vipande vichukuliwe. Fundi bati wa sokoni akatutengenezea fremu kwa madebe ya mafuta ya taa. Tukaziba viungo kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na sandarusi, ule utomvu mgumu wanaouuza pwani, na tukajiona mafundi. Siku ya kwanza kila kitu kilivuja. Sakafu ililowa chumvi, mbuzi wa mtaani wakanusa, na niliporudi kutoka kisimani nilikuta mbuzi wanne chumbani kwangu wanalamba udongo kwa bidii, mmoja amepanda juu ya kitanda. Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya pili tuliziba vizuri, tukaweka mchanga wa mto wetu, ule wenye ulanga unaometa, nao ukakaa chini ya maji ya bahari kama kwamba umezaliwa humo.

Kosa lililofuata lilikuwa langu peke yangu. Unajua kwetu mgeni wa mbali hupokewa kwa unga. Bibi yangu hakuvuka mto bila kuacha unga kidogo juu ya jiwe. Basi baba yako alipoleta samaki wapya na kile kiti cha pweza, niliona aibu kuwapokea mikono mitupu. Nikachukua konzi ya unga wa mtama nikainyunyiza juu ya maji, na maneno yanayostahili nikayasema, padri asisikie. Siku ya pili tulikuwa na uji. Siku ya tatu tulikuwa na uji uliochacha, na mtaa mzima ulijua. Nilijifunza kwa aibu kwamba viumbe wale hutaka kipande cha kamba wa pwani, kidogo kuliko kucha, kisha utoe kilichobaki. Nilikuwa nawalisha ili mimi nijisikie mkarimu. Wao hawakuniomba.

Lakini tulijifunza kidogo kidogo. Asubuhi na jioni ulikuwa unachota maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu ili yapate pumzi, ukiimba wimbo wako usio na maneno. Joto likizidi tulifunika kioo kwa kitambaa kilicholowa. Na unakumbuka yule kaa? Alinenepa, gamba likambana, nasi gamba la baharini hatukuwa nalo. Ukaenda kwenye migomba ukaokota gamba la konokono wa mlimani, la kahawia lenye mistari, ukalichemsha na kulitumbukiza. Nilikucheka. Nikasema tangu lini mtu wa pwani akavaa nguo za Waluguru. Kutwa nzima alilizunguka, akatia mkono, akautoa, akalipindua, akaliacha, akalirudia. Kisha alitoka ndani ya lile la zamani, uchi kabisa, na mwili wake wa nyuma ulikuwa laini kama wa mtoto aliyezaliwa leo. Ni muda mfupi tu, kufumba na kufumbua, lakini wakati huo hakuwa na nyumba hii wala ile. Wiki hii nimekuwa nikimfikiria sana kaa yule.

Halafu baba yako akashikwa na homa njiani, wakamshusha kwa machela, na hakuamka tena. Pale pembeni ya mlango aliacha damijani tatu, zimejaa maji ya bahari, vizibo vimefungwa kwa mikono yake.

Tulikuwa na desturi, maji kwenye kioo yakipungua, tunaongeza maji ya bahari. Hatukuifikiria. Hii ni bahari, ikipungua inaongezwa bahari. Kuitia maji ya kijito chetu ilikuwa kama kumpa mgeni mabaki ya jana. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali na maji yakakauka haraka, nami nikawa nafungua damijani za baba yako na kuongeza. Samaki wakaanza kwenda upande upande. Mwani ukapauka. Ukingo wa kioo ukaota kitu cheupe, nikawa nakifuta kwa kidole bila kuuliza ni nini. Kadiri walivyodhoofika ndivyo nilivyozidi kuwapa maji yale yale, nikiamini kwamba nawapa kilicho bora kabisa nilichonacho. Samaki wakafa. Kiti cha pweza kikajikunja, mikono yote ndani, na kikakaa hivyo.

Siku damijani ya tatu ilipokwisha, niliitikisa kama mtu asiyetaka kuamini kibuyu kimekauka. Maji kwenye kioo yalikuwa yamebaki nusu, na mwingine wa kuniletea sikuwa naye. Nilikwenda kwenye kijito kinachoshuka kutoka juu, nikachota, nikarudi, nikasimama hapa dirishani nikamwomba baba yako msamaha. Nilijua nakwenda kuua kitu cha mwisho alichoniletea. Nikamimina kidogo, nikaacha, nikalia, nikamimina tena kidogo. Mkono wenyewe ulikuwa unakataa, ndiyo maana nilikwenda polepole, wala si akili. Ilinichukua siku mbili kuyajaza.

Siku iliyofuata uliniita kwa sauti. Mkono mmoja ulikuwa umefunguka. Kufikia jioni ikafunguka yote mitano, na yule kaa katika gamba lake la mlimani akatoka nyuma ya jiwe akitafuta chakula. Nilikaa chini hapo hapo sakafuni. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Hapo ndipo nikamkumbuka bibi yangu. Nilipokuwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe wakati ule, alikuwa akichoma nyasi za bondeni, anachuja maji kwenye majivu, kisha tunayachemsha maji hayo mpaka yanakwisha, na chini ya chungu inabaki chumvi. Mimi ndiye niliyekaa kwenye moto ule. Maji huondoka, chumvi hubaki. Nililijua hilo kabla sijaijua sala ya Baba Yetu. Kumbe kwenye kioo yaliyokuwa yakiondoka ni maji matamu peke yake, chumvi yote inabaki, nami naongeza chumvi juu ya chumvi. Jambo nililozaliwa nalo. Lakini kwa kuwa bahari ilikuja kwa gari la moshi, ndani ya chupa ya kigeni, nilidhani ina sheria zake ambazo mtu wa mlimani hawezi kuzijua, nikakiweka chini nilichokijua.

Na si kwenye kioo tu. Baba yako alipoondoka, nyumba hii ilipungukiwa na kicheko, na mimi nikaongeza ukali. Ukinyamaza, nakugombeza. Ukilia, nakupa kazi. Nilidhani nakushikilia usidondoke. Ulichokuwa unataka ni mama akae nawe kidogo akuchekeshe. Nililiona hilo kwa kuchelewa, na nasikitika, Agata, nasikitika kweli.

Kisha akaja Yosefu wako, kijana wa treni ile ile, akasema alimfahamu marehemu na anaweza kutuletea maji. Nilimweleza vizuri kwamba siku hizi maji ya bahari tunayahitaji kidogo sana, ya kijito yanatosha. Akaitikia, "Ndiyo, mama." Wiki ya pili akaleta damijani. Nikamweleza tena. Akaleta mbili. Nikasema huyu kijana ama kiziwi ama ana lake jambo, na nilipokuona umepaka mafuta miguuni siku ya treni, nikajua ana lake jambo. Ni mtu mwema. Mlimani hawezi kitu, siku tuliyompeleka Matombo alishuka mteremko wote kwa makalio, lakini ni mtu mwema na anakutazama anapodhani hatuoni.

Huko uendako chumvi haitakosekana. Wanasema ipo hata hewani, inakaa midomoni. Kitakachopungua ni hiki cha kwetu, na kitapungua bila kelele, wala hutakiona kikiondoka. Siku utakapojikuta mkali bila sababu, hasira juu ya hasira, usijiongezee ukali kwa kudhani ndio uimara. Kaa chini. Imba ule wimbo wako hata kama mawifi watacheka. Mtoto wako mwite kwa Kiluguru. Jirani akikuvuta nywele, mwache akuvute.

Bahari ukiirudisha, usiimwage kwa mara moja. Nenda mahali penye maji ya kina cha magoti, uinamishe damijani taratibu, uwaache watoke kwa hiari yao. Maji yao yamechanganyika na ya mlimani, watashtuka kidogo. Nitakuwa nawaza saa hiyo, ingawa sitajua ni saa ngapi. Kioo atakichukua Mama Zaituni, anasema ataatamishia kuku ndani yake.

Sasa swali lako.

Nilipomfuata baba yako kuja mjini, nilikuwa na shamba Matombo, la mama yangu, juu kidogo ya misheni. Hakuna aliyenifukuza. Mama alikuwa ameshakufa na dada sikuwa naye. Mvua za kwanza halikulimwa. Mvua za pili nilipanda kwenda kulitazama, nikakuta migomba ya mtu mwingine imenizidi urefu. Nikasimama pembezoni kama mpita njia. Mwenye migomba alikuwa mtu wa ukoo wetu, mwenye adabu zake, akaniambia karibu, akanikatia ndizi za kula njiani. Nilizila. Ndizi za shamba la mama yangu nilizila kama mgeni, nikashukuru, nikashuka. Kwetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo unamwona yule ambaye jembe lake linaonekana. Kaka hakukudanganya, wala si mtu mbaya. Ndiyo maana Jumapili sikuwa na neno. Nilikuwa nayapima magoti yangu kama bado yataweza kuupanda mlima.

Jumatatu uliponiona nimefunga kitambaa nikasema nakwenda kwa mgonjwa, nilimfuata mjomba wako sokoni kabla hajapanda mlima.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Nimekuja kuomba mbegu. Mahindi, na mpunga wa mlimani kama unao. Shamba la Agata nitalilima mimi."

Akacheka mpaka wauza ndizi wenzake wakageuka. "Wewe, Mama Bahari? Viganja vyako vimeshakuwa laini kama vya bibi wa Kizungu. Utapanda kwa miguu ipi?"

"Kwa hii hii niliyoshukia."

Akaacha kucheka. "Likilimwa, sina la kusema," akasema. "Lakini msimu mmoja likilala, Veronika, hata wewe dada yangu sitakungoja."

"Hutaningoja," nikamwambia, na akaniahidi mbegu.

Chumba hiki nimeshakirudisha kwa mwenyewe. Mpini mpya wa jembe uko nyuma ya mlango, ulipita mbele yake asubuhi hii ukadhani ni wa Mama Zaituni. Kesho gari la moshi likishaondoka na wewe, mimi sirudi nyumbani kulia. Naelekea mlimani, mvua za vuli zi karibu na ardhi ile haijaguswa.

Kwa hiyo ukirudi na mumeo kuja kutuamkia, njoo kule. Ukirudi na mtoto mgongoni, njoo kule. Ukirudi peke yako, bila kapu na bila viatu, na hutaki kuulizwa kitu, usipite kwa mjomba kuomba, njoo moja kwa moja kando ya mto. Utayakuta mahindi, na katikati ya mahindi utanikuta mimi. Mimi sikuwa na mtu wa kunishikia jembe, mwanangu. Wewe unaye.

Aliyekuzaa na anayekwenda kukulimia,
mama yako, Veronika